Loji ya Kiafrika ya Boston: hati halali iliyokosa kutambuliwa, 1775–1827

Tarehe 29 Aprili 1787, nahodha James Scott aliyetoka London alikabidhi mjini Boston karatasi iliyosubiriwa kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Ilikuwa hati ya kuanzisha loji, yaani tawi, ya Wafrimasoni, chama cha kindugu cha wanaume chenye ngazi na ishara za siri; imeandikwa London tarehe 29 Septemba 1784, ina muhuri wa Loji Kuu ya Uingereza, chombo kilichosimamia loji zake, ina namba 459, na jina la mkuu wa loji ndani yake ni Prince Hall, fundi wa ngozi, mtu mweusi. Kwa kanuni za wakati ule, hati ya namna hiyo ilitosha. Loji yenye hati huingiza wanachama, huwapandisha ngazi, na wanachama wake wana haki ya kubisha hodi katika loji nyingine yoyote na kupokewa kama ndugu. Loji za wazungu wa Massachusetts hazikumtambua Hall wala wenzake, na hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 150.

Mara nyingi kisa hiki huelezwa kama mzozo wa makaratasi: kwamba waliingizwa kinyume cha taratibu, kwamba London haikuwa na haki tena Marekani, kwamba loji iliacha kuripoti. Ukizipanga nyaraka kwa tarehe, kisha ukazilinganisha na za loji za wazungu wa makoloni yale yale ya Uingereza huko Marekani, maelezo hayo hayasimami. Loji ya Kiafrika ilikuwa na dosari, na zinatajwa hapa bila kufichwa. Ila dosari za aina ile ile, nyingine kubwa zaidi, wazungu walisameheana bila kelele.

Hati ilikuwa na kazi gani

Loji Kuu ya kwanza iliundwa London tarehe 24 Juni 1717, na mwaka 1723 ikachapisha katiba yake. Benjamin Franklin aliichapa upya Philadelphia mwaka 1734, nacho kikawa kitabu cha kwanza cha Kifrimasoni kuchapwa Marekani. Kwa kisa hiki vinahitajika vifungu vinne. Cha 4 kilizuia loji kuingiza zaidi ya watu wapya 5 kwa mara moja, wala mtu aliye chini ya miaka 25. Cha 5 kilidai taarifa ya mwezi mmoja kabla, ili mwombaji achunguzwe. Cha 6 kilitaka ridhaa ya wanachama wote waliohudhuria, asikosekane hata mmoja, na kikaongeza kwamba haki hiyo haiwezi kuondolewa hata kwa ruhusa maalumu. Cha 8 kilikataza kundi lolote kujitenga na kuunda loji bila hati ya Mkuu wa Loji Kuu. Juu ya vifungu hivyo palikuwa na sharti la mtu mwenyewe: awe amezaliwa huru, awe mtu mzima, awe na sifa njema. Mtumwa hakuruhusiwa, na mwanamke hakuruhusiwa.

Kifungu cha 6 kishikwe vizuri, maana uzito wa kisa chote uko hapo.

Njia ya kupata hati ilikuwa hivi. Wafrimasoni waliokwisha kupita ngazi tatu, yaani mwanagenzi, fundi na fundi mkuu, waliandika ombi. Walitaja watu watatu wa kuongoza: mkuu wa loji, msimamizi wa kwanza na msimamizi wa pili. Walitafuta mtetezi ndani ya Loji Kuu, wakalipa ada, kisha hati ikaandikwa na loji ikapewa namba katika orodha. Tangu hapo loji ilidaiwa mambo mawili kila mwaka: taarifa yenye orodha ya wanachama, na mchango wa mfuko wa sadaka. Loji iliyonyamaza muda mrefu ingeweza kufutwa.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yaliyotendeka makoloni yalikuwa mengine. Loji ya Philadelphia ilikuwa tayari inakutana na kutunza hesabu mwaka 1731, Franklin akiwa mwanachama wake, bila hati yoyote ya London. Daniel Coxe alikuwa ameteuliwa na London mwaka 1730 kusimamia New York, New Jersey na Pennsylvania, lakini loji ile ilijiundia uongozi wake yenyewe na kumchagua Franklin kuwa Mkuu mwaka 1734. Novemba mwaka huo huo Franklin alimwandikia Henry Price wa Boston, aliyekuwa ameteuliwa na London mwaka 1733, akimwomba mamlaka ya kuithibitisha kazi ya Philadelphia, kwa kuwa palikuwa na watu waliotishia kuunda kundi pinzani. Kwa maneno mengine, Franklin aliongoza kwanza na kuomba karatasi baadaye.

Fredericksburg, Virginia, ni mfano mzito zaidi. Loji ya pale ilimwingiza George Washington tarehe 4 Novemba 1752, ikampandisha ngazi ya pili tarehe 3 Machi 1753, na ya tatu tarehe 4 Agosti 1753. Hati yake kutoka Loji Kuu ya Scotland ilitolewa mwaka 1758. Kwa miaka hiyo yote iliendesha kazi bila hati, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Washington aliingizwa kinyemela.

Machi 1775

Boston ya mwanzoni mwa 1775 ilikuwa mji uliojaa askari wa Uingereza. Kati ya vikosi vilivyokuwapo ni cha 38 cha askari wa miguu, ambacho ndani yake ilikuwamo Loji Na. 441 ya orodha ya Ireland. Loji Kuu ya Ireland ilikuwa imeanza mwaka 1732 kutoa hati zinazosafiri na kikosi: loji haikufungwa na mji, ilikwenda kokote jeshi lilikotumwa. Katika makoloni loji hizo za kijeshi ndizo zilizoupeleka Ufrimasoni kwa watu wa kawaida, kwa sababu askari na masajini hawakuwa na sababu ya kulinda heshima ya kijamii ya matajiri wa mjini.

Kwa tarehe iliyozoeleka, tarehe 6 Machi 1775 John Batt wa loji hiyo aliwaingiza watu weusi 15, Prince Hall akiwamo. Miongoni mwao walikuwamo Boston Smith na Thomas Sanderson, majina yatakayoonekana baadaye kwenye hati. Wiki sita baadaye vita vya uhuru wa Marekani vikaanza Lexington, karibu na Boston.

Dosari za siku ile ni mbili. Ya kwanza ni idadi: watu 15 kwa pamoja ni mara tatu ya kiwango cha kifungu cha 4. Kifungu hicho kilikuwa cha London na loji ilikuwa ya Ireland, lakini hoja ya kwamba watu walisukumwa ndani kwa haraka ina nguvu. Ya pili ni kubwa zaidi. Mwaka 1768 Loji Kuu ya Ireland ilikuwa imekataza loji za jeshi kuwaingiza raia wa mji ambao tayari una loji iliyosajiliwa, na Boston ilikuwa na loji tangu 1733. Batt alivuka mpaka huo. Ila kanuni ile iliadhibu loji iliyovunja sheria. Aliyeingizwa hakuhukumiwa kuwa si Mfrimasoni.

Tarehe yenyewe ina ubishi. Kumbukumbu za jeshi zinamwonyesha Batt akitoka kikosi cha 38 mwaka 1777, kisha mwanzoni mwa 1778 akijiandikisha upande wa Wamarekani, kwa hiyo wapo watafiti wanaoisogeza siku ya kuingizwa hadi Machi 1778. Hesabu ya Hall mwenyewe inawapinga. Machi 1784 aliandika kwamba loji ina karibu miaka minane, na hilo haliwezekani ikiwa wanachama wake wa kwanza waliingizwa 1778. Kwa hoja ya uhalali tofauti hiyo haibadilishi kitu, lakini anayeandika juu ya jambo hili aijue, asije akashangazwa nayo.

Kuishi kwa kibali

Jeshi la Uingereza liliondoka Boston tarehe 17 Machi 1776, na Loji Na. 441 ikaondoka nalo. Wafrimasoni weusi walibaki na kibali tu. Kwa maelezo ya Hall, kiliwaruhusu mambo mawili: kuandamana siku ya Mtakatifu Yohane, yaani 24 Juni na 27 Desemba, na kuwazika wafu wao kwa taratibu za Kifrimasoni. Katika maelezo yake mengine anamtaja John Rowe, aliyekuwa Mkuu wa loji za Boston zilizofuata Loji Kuu ya London, kuwa ndiye aliyewapa.

Ni muhimu kuona kibali hicho kiliacha nini nje. Hakikuwapa haki ya kuingiza mtu mpya wala ya kumpandisha ngazi aliyekwisha kuingia. Kundi linaloruhusiwa kuzika lakini haliruhusiwi kuingiza, hesabu yake inajulikana: kila mazishi ni pungufu lisilojazwa. Mtu akitaka kuiua loji bila kutamka neno la kukataa, hana haja ya kufanya zaidi ya hapo.

Hata hivyo walijipanga kama loji tangu mwanzo, walijiita Loji ya Kiafrika Na. 1, na wakajiandikia kanuni. Jina hilo lilikuwa na maana kwao. Mwishoni mwa 1782 gazeti moja la Boston liliandika juu ya maandamano yao ya Desemba kwa kejeli, likiwaita loji ya “Mtakatifu Mweusi”. Hall alijibu kwa barua gazetini: jina letu si hilo, ni Loji ya Kiafrika, wala hatutafuti vyeo vikubwa, tunachotaka ni upendo kwa Mungu na kwa wanadamu wote. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Alijibu hadharani, kwa adabu, na akahakikisha jibu lake limechapwa.

Kwa nini London

Massachusetts ya 1784 ilikuwa na mamlaka mbili za Kifrimasoni. Moja ilikuwa ya St. John, iliyotokana na uteuzi wa Henry Price wa 1733, ambayo vita vilikuwa vimeichosha kwa kuwa wengi wa vigogo wake walikuwa upande wa mfalme. Nyingine ilitokana na Scotland, na Mkuu wake wa kwanza, daktari Joseph Warren, aliuawa katika pigano la Bunker Hill tarehe 17 Juni 1775. Hii ya pili ilijitangazia uhuru mwaka 1777. Hazikuungana hadi Machi 1792. Wafrimasoni weusi hawakupata hati kutoka upande wowote.

Tarehe 2 Machi 1784 Hall alimwandikia William Moody, mkuu wa Loji ya Brotherly Love Na. 55 ya London. Barua hiyo imepangwa kwa ustadi wa mtu anayejua ofisi za wakubwa zinavyofanya kazi. Anaanza na muda: karibu miaka minane. Anataja kibali na mipaka yake. Kisha anaeleza kwamba walishawishiwa kuomba hati Ufaransa wakakataa, kwa kuwa waliona afadhali kwenda kwenye chemchemi walikopokea nuru. Anamwomba Moody awe mtetezi wao mbele ya Loji Kuu. Mwisho anaweka tumaini kwamba hawatatendewa chini ya binadamu wenzao, ingawa ni maskini lakini ndugu wa kweli wa ufundi huu. Kutaja Ufaransa hapo hakukuwa pambo. Miezi sita tu baada ya amani ya Septemba 1783 iliyomaliza vita, Loji Kuu ya London isingependa kusikia kwamba loji ya Boston imejiunga na Paris.

Hati ilitoka baada ya miezi saba, kwa jina la Thomas Howard, Lodi wa Effingham, aliyekaimu nafasi ya Mkuu, Duke wa Cumberland. Waliotia saini ni Rowland Holt, naibu mkuu, na William White, katibu. Inamteua Prince Hall kuwa mkuu, Boston Smith msimamizi wa kwanza na Thomas Sanderson msimamizi wa pili. Anayeisoma atakuta miaka miwili, 1784 na 5784. Wafrimasoni waliongeza 4000 kwenye mwaka wa kawaida, kwa hiyo mtu asiidhanie kuwa kosa la mwandishi.

Masharti yake ni haya. Mkuu wa loji ahakikishe kila ndugu ni Mfrimasoni aliyeingizwa kihalali. Kanuni za katiba zifuatwe. Kitabu cha shughuli kitunzwe. Kila mwaka ipelekwe London taarifa ya maandishi pamoja na orodha ya wanachama, na mchango wa sadaka kwa kadiri ya uwezo wa loji. Hakuna mstari unaomruhusu Hall kuwapa wengine hati, jambo litakaloleta maneno baadaye.

Kilichochelewesha ni ada na njia ya kuifikisha. Hapakuwa na benki ya kutuma pauni chache kutoka Boston hadi London. Fedha zilipita mikononi mwa watu na mabaharia, na hati haikuachiwa hadi malipo yalipokamilika. Katika kipindi hicho tangazo la dhihaka lilichapwa Boston likiahidi zawadi kwa atakayeiona hati “iliyopotea”. Ilipofika, Hall alichapisha shukrani gazetini, akamshukuru hasa yule ndugu aliyeahidi zawadi. Loji ilisimikwa rasmi tarehe 6 Mei 1787. Nahodha Scott aliyeileta alikuwa mtu wa karibu wa biashara za John Hancock, gavana wa Massachusetts, na mwaka 1796 alimwoa mjane wake Hancock.

Vizuizi vinne, kimoja baada ya kingine

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kwamba waliingizwa kinyemela na kwamba London, ingelijua hilo, isingetoa hati. Dosari ya Batt ni ya kweli. Lakini hati ilimwagiza Hall kuthibitisha uhalali wa kila ndugu, maana yake London ilimkabidhi yeye kazi ya kusafisha palipo na doa, kama Scotland ilivyoisafisha Fredericksburg kwa hati ya 1758. Katika Ufrimasoni wa karne ya 18 kuidhinishwa baadaye lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Cha pili ni sharti la kuzaliwa huru. Wengi wa wanachama walizaliwa utumwani au walipitia utumwa. Iko hati ya tarehe 9 Aprili 1770 ya familia ya William Hall, fundi wa ngozi wa Boston, inayosema Prince Hall si wa kuhesabiwa mtumwa bali siku zote wamemchukulia kuwa mtu huru. Wanaume kadhaa wa Massachusetts walibeba jina Prince Hall, kwa hiyo kuihusisha karatasi hiyo na mtu wetu ni hitimisho lenye nguvu lakini linalohitaji uangalifu. Utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria Massachusetts kufikia 1783 kutokana na kesi za Quock Walker, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani. Loji Kuu ya Uingereza yenyewe ililibadilisha sharti hilo mwaka 1847 kuwa “mtu huru”, kwa sababu utumwa ulikuwa umekomeshwa katika makoloni yake na waliokombolewa walikuwa wanabisha hodi.

Cha tatu ni mipaka: kwamba baada ya uhuru Loji Kuu ya kigeni haiwezi kuwa na loji ndani ya Massachusetts. Wazo la kila jimbo kuwa na Loji Kuu moja lilikuwa ndiyo kwanza linajengwa. Kanuni za Massachusetts za 1797 zilikataza kushirikiana na Wafrimasoni wakazi wa jimbo wanaotii mamlaka ya kigeni. Sasa tazama Loji ya St. Andrew, ya Boston hiyo hiyo, loji ya Paul Revere, iliyokuwa ikikutana katika baa ya Green Dragon. Ilikuwa na hati ya Scotland na ilikaa nje ya Loji Kuu ya Massachusetts hadi 1809. Ilipokuwa tayari kuingia, ikaingia. Loji ya Kiafrika haikupewa mlango huo. London nayo haikuiona kuwa loji ya mashaka: Agosti 1792 katibu William White alimwandikia Hall akimwomba habari za loji nyingine za New England zilizokuwa katika orodha, zipi bado zinakutana na zipi zimekufa. Kazi kama hiyo hupewa mtu anayeaminiwa.

Cha nne hakikuandikwa katika kanuni yoyote, lakini kilisemwa. Mwaka 1795, mwanahistoria Jeremy Belknap alipokuwa akikusanya majibu juu ya watu weusi wa Massachusetts, mmoja wa waliomjibu alieleza kwamba loji hii ina hati ya Uingereza, inakutana peke yake, na Wafrimasoni wazungu, wasiozidi wenzao weusi kwa ujuzi, hawaitambui. Akataja kisingizio cha kuingizwa kinyemela, akasema uchunguzi wa namna hiyo usingefanywa kwa loji za wazungu, nyingi zikiwa hazikufuata kanuni, kisha akamaliza: wanaona haya kuwa sawa na weusi.

Hapo ndipo kifungu cha 6 kinapoingia. Ridhaa ya wote maana yake kila mwanachama alikuwa na kufuli lake mlangoni. Mtu mmoja akikataa, mwombaji ameanguka, na sababu haitolewi. Kwa hiyo hakuna Loji Kuu iliyohitaji kuandika kwamba weusi hawaingii. Ilitosha kuacha kanuni ifanye kazi. Hati ya London ilikuwa hatari kwa sababu iliuzunguka mlango huo. Mgeni mwenye loji halali hapigiwi kura. Anapimwa kwa maneno, ishara na mshiko wa mkono, anaulizwa ametoka loji gani, akifaulu anaketi kwa heshima ya cheo chake. Kuitambua Na. 459 kungekuwa kukubali kwamba Prince Hall, mkuu wa loji, anaweza kubisha hodi Green Dragon au popote akakalishwa mbele ya mfanyabiashara mzungu aliye mwanagenzi. Mapambano yalihusu kiti hicho.

Loji ilipotumika

Februari 1788 watu weusi watatu huru wa Boston walidanganywa kwamba kuna kazi melini, wakafungiwa na kusafirishwa kwenda kuuzwa visiwa vya Karibi. Tarehe 27 mwezi huo Hall na wanaloji wenzake waliwasilisha ombi kwa bunge la jimbo. Hawakuomba huruma tu: walitaja kwamba mmoja wa waliotekwa ni ndugu wa loji yao, na wakadai hatua dhidi ya biashara ya watumwa iliyokuwa ikipita bandari ya Boston. Makasisi waliongeza ombi lao. Gavana Hancock na konseli wa Ufaransa wakaandika barua kwa watawala wa visiwa. Tarehe 26 Machi sheria ya kuzuia biashara ya watumwa ilipita, ikiwa na kipengele cha fidia kwa waliotekwa.

Belknap anasimulia kwamba walipofikishwa St. Barthélemy, yule Mfrimasoni alijitambulisha kwa mfanyabiashara wa pale aliyekuwa Mfrimasoni pia, na mambo yakaanza kufunguka. Wote watatu walirudi Boston Julai 1788. Ishara ile ile ambayo Boston ilikataa kuijibu, kisiwani iliokoa watu. Hata hivyo ushindi haukuwa kamili. Siku ile ile ya 26 Machi bunge lilipitisha sheria nyingine iliyozuia Waafrika wasio raia wa jimbo lolote la Marekani, isipokuwa raia wa Moroko, kukaa Massachusetts zaidi ya miezi miwili.

Maombi mengine ya Hall yaligonga ukuta. Novemba 1786, uasi wa wakulima wenye madeni ulioongozwa na Daniel Shays ulipopamba moto, alimwandikia gavana Bowdoin akitoa huduma ya loji kulinda serikali, haikupokewa. Januari 1787 alikuwa miongoni mwa watu weusi 73 walioomba msaada wa kurudi Afrika. Oktoba mwaka huo aliomba shule kwa watoto weusi, akitumia hoja ambayo Boston ingepaswa kuielewa haraka: tunalipa kodi, na hatupati tunacholipia.

1797 na swali la loji mama

Machi 1797 Wafrimasoni weusi wa Philadelphia walimwandikia Hall. Walikuwa 11, wameingizwa sehemu mbalimbali, na wazungu wa mji wao wamewakatalia hati. Hall aliwajibu mwezi huo huo akiwaruhusu kukutana chini ya hati yake. Mkuu wao wa kwanza alikuwa Absalom Jones, na Richard Allen alikuwamo. Ni wale wale waliojenga makanisa ya kwanza ya watu weusi mjini pale. Juni mwaka huo Wafrimasoni weusi wa Providence, Rhode Island, wakafuata.

Kwa kanuni, hili ndilo eneo ambalo msimamo wa Hall ni dhaifu kuliko yote. Hati ya 459 ilikuwa ya loji, haikumfanya kuwa Loji Kuu. Anayemtetea hana budi kulikubali hilo kwanza, ndipo ataje mifano: loji ya kale ya Kilwinning, Scotland, ilitoa hati kwa loji nyingine, na Fredericksburg vilevile ilizitolea hati loji za jirani Virginia. Hakuna aliyezifutia loji hizo historia yake.

Ukimya, na tangazo la 1827

Kilichoikata Loji ya Kiafrika na London ni posta na vita. Vitabu vya London vina michango yake ya sadaka hadi miaka ya 1790. Mwaka 1792 namba zilipangwa upya na 459 ikawa 370. Hall aliendelea kuandika katika miaka ya 1800 bila kupata majibu. Alifariki Desemba 1807 akazikwa katika makaburi ya Copp's Hill, Boston. Vikwazo vya biashara na vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza vikafuata, na tarehe 27 Desemba 1813 Loji Kuu mbili za Uingereza zilizokuwa zikishindana zilipoungana, orodha mpya iliziacha nje loji za Marekani zilizokuwa kimya. Loji ya Kiafrika ilitoka pamoja nazo. Haikushtakiwa kosa, haikunyang'anywa hati, na haikuarifiwa.

Januari 1824 iliandika tena London kuomba mamlaka ya ngazi za juu, kwa unyenyekevu wa loji inayojihesabu bado iko chini ya mama yake. Hapakuwa na jibu. Juni 1827 John T. Hilton na wenzake walichapisha gazetini tangazo kwamba tangu siku hiyo wako huru na hawatii loji yoyote isipokuwa yao. Loji Kuu ya Massachusetts ya wazungu ilifanya hivyo hivyo nusu karne mapema, ila yenyewe haikusubiri kukosa jibu.

Kwa anayeendelea kusoma juu ya Hall, mtego mkubwa ni wasifu uliochapwa mwaka 1903 unaodai alizaliwa Barbados kwa baba Mwingereza. Habari hizo hazina hati nyuma yake, na bado zinanakiliwa. Penye ushahidi ni barua zake, hati ya 1784, maombi kwa bunge, magazeti ya Boston, na bili ya Aprili 1777 ya ngozi tano za ngoma alizouza kwa kikosi cha mizinga cha Boston.

Mwaka 1947 Loji Kuu ya Massachusetts ilikubali uhalali wa loji zilizotokana na Hall, kisha mwaka 1949 ikaufuta uamuzi huo chini ya shinikizo la Loji Kuu nyingine za wazungu. Connecticut ilitambua mwaka 1989, Loji Kuu ya Uingereza Desemba 1994, Alabama mwaka 2017. Hati yenyewe iliponea moto Boston mwaka 1869, na bado inashikiliwa na Loji Kuu ya Prince Hall ya Massachusetts.